Ukimya wa mlinzi nao ni habari

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2017, saa 9 na dakika 41 kwa saa za Afrika Mashariki, mtikisiko mdogo mno ulipita katika dunia nzima, bara na bahari, wala hapana binadamu aliyeuhisi. Ulitoka katika nyota mbili zilizokwisha kufa, ambazo baada ya kuzungukana kwa muda mrefu ziligongana, mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru milioni 130. Mtu aliyekuwa wakati huo kisiwani Chovae, katika mlolongo wa visiwa vya Wabajuni baina ya Kismayu na Ras Kiamboni, alikuwa na chimbuko la mtikisiko huo karibu na utosi wake, limeelemea kidogo upande wa kusini. Kwani mahali hasa palipokuwa chini yake ni Mlango-bahari wa Msumbiji. Lakini jua lilikuwa bado likiwaka, na hata lingalikuwa limekuchwa, jicho la mtu lisingaliona kitu.

Saa zipatazo 11 baadaye, darubini yenye kioo cha mita 1 huko Chile iliinasa nuru ya mgongano ule. Mbingu nzima ina eneo la digrii za mraba zinazozidi 41,000. Wenye darubini walijuaje pa kutazama?

Huenda askari akauliza: habari za nyota zinamhusu nini mtu wa lindo na doria? Sisi twaona zinamhusu sana. Wataalamu walioupokea mtikisiko ule walikabiliwa na kazi ile ile inayomkabili ofisa wa zamu aletewapo taarifa pungufu: jambo limetokea, mashahidi ni wachache, mmoja amesema wazi, mmoja amesema katikati ya kelele, na wa tatu amekaa kimya. Muda unakwisha, naye hana budi kuamua pa kupeleka watu wake. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, jinsi hesabu yake ilivyoharakishwa katika miaka iliyofuata, na lile ambalo haraka peke yake haiwezi kulitenda.

Vituo vitatu, majibu matatu

Mtikisiko tunaouzungumzia ni wimbi la mvutano. Albert Einstein alibashiri mawimbi ya namna hiyo mwaka 1916, lakini la kwanza halikunaswa hata tarehe 14 Septemba 2015, na habari zake zikatangazwa rasmi Februari 2016. Mawimbi hayo hunaswa na vituo vyenye mikono miwili mirefu, ambamo miali ya leza huenda na kurudi ikipima kama urefu wa mkono mmoja umebadilika kuliko wa mwenzake. Marekani ina vituo viwili vya LIGO, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston katika jimbo la Louisiana, kila kimoja kikiwa na mikono ya kilomita 4. Italia ina kituo cha Virgo karibu na mji wa Pisa, chenye mikono ya kilomita 3. Virgo ilikuwa imejiunga na ulinzi huo tarehe 1 Agosti 2017, yaani siku 16 tu kabla ya tukio.

Nyota zilizogongana zilikuwa za aina iitwayo nyota za nyutroni: uzito unaozidi ule wa jua letu umeshindiliwa katika tufe lenye upana wa kilomita kama 20. Pwani yetu si ngeni kwa nyota hizo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Kitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kutokana nayo ilibainika kwamba chimbuko liitwalo Centaurus X-3 ni nyota ya nyutroni inayoinyonya nyota mwenzake.

Sasa turudi kwenye alasiri ile ya Agosti. Ishara ilisikika kwa muda wa sekunde zipatazo 100. Hanford iliipokea vizuri, na mitambo yake ikatoa tahadhari. Livingston iliipokea kwa nguvu zaidi, lakini kiasi cha sekunde 1 kabla ya mgongano wenyewe ulitokea mshindo wa kelele ndani ya mitambo, na kwa sababu hiyo utaratibu wa kujiendesha wenyewe haukuitambua ishara hiyo kuwa halali. Virgo karibu haikusikia kitu. Kwa kipimo cha nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele, Livingston ilipata 26.4, Hanford 18.8, na Virgo 2.0 tu. Sekunde 1.7 baada ya mgongano, setilaiti ya Fermi ilipokea mmweko mfupi wa miali ya gama.

Mtu asiyezoea kazi ya ushahidi angalisema, “Virgo haina taarifa, tuiweke kando.” Wataalamu hawakufanya hivyo. Kila kituo cha aina hii kina pande za mbingu ambazo hakizisikii sawasawa, kama vile mlinzi aliyesimama kando ya ukuta asivyoona kilicho nyuma ya ukuta. Tena walijua kwa hakika kwamba Virgo haikuwa imelala: tarehe 14 Agosti, siku 3 tu kabla, ilikuwa imenasa wimbi jingine pamoja na vituo vya Marekani. Basi ikiwa mlinzi yu macho, na jambo kubwa limepita, naye hakulisikia, maana yake ni kwamba jambo hilo limepita upande asiousikia. Kwa habari za vituo viwili vya Marekani peke yake, eneo la kutafuta lilikuwa digrii za mraba 190. Ukimya wa Virgo ulipoingizwa katika hesabu, eneo likashuka hadi 31. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa kimya kiliondoa zaidi ya sehemu nne katika tano za kazi ya msako.

Chombo kilichopotea

Hesabu iliyotumika ina jina la Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1763. Msingi wake ni rahisi. Kwanza, andika unavyodhani kabla ya kupata ushahidi, na uandike kwa kiasi, si kwa ndiyo na siyo. Pili, kwa kila dhana jiulize: kama dhana hii ni kweli, ushahidi huu ungetokea kwa urahisi gani? Tatu, zidisha kimoja kwa kingine, kisha ugawe upya ili jumla ibaki mia kwa mia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashua ya wavuvi imetoka Chovae mwezi wa Agosti, na usiku umeingia haijarejea. Agosti ni msimu wa kusi: upepo watoka kusini-magharibi, na mkondo wa bahari katika pwani hiyo huelekea kaskazini. Kwa hiyo chombo kilichoharibika kitasukumwa zaidi kuelekea Kismayu na mbele yake. Lau ingekuwa Januari, msimu wa kaskazi, tungelielekeza macho upande wa Kiamboni na Kiunga. Ofisa wa polisi wanamaji anagawa bahari katika maeneo matatu: la kwanza, kaskazini-mashariki kuelekea Kismayu, analipa asilimia 50, la pili, nje ya mwamba mbele ya Chovae, asilimia 30, la tatu, kusini kuelekea Kiamboni, asilimia 20.

Boti ya doria inapekua eneo la kwanza mchana kutwa, hali ya hewa ikiwa nzuri. Tuseme kwamba kama mashua ingekuwamo, boti ingeiona mara 6 katika kila 10. Haikuiona. Je, eneo hilo lifutwe? Hasha. Asilimia 50 zinazidishwa kwa sehemu 4 katika 10 za kutoonekana, zinabaki 20. Maeneo mengine yamebaki na 30 na 20. Jumla ni 70. Tukigawa upya, eneo la kwanza linapata asilimia kama 29, la pili 43, na la tatu 29. Kesho boti iende nje ya mwamba.

Lakini tuseme upekuzi ule ulifanyika usiku, mvua ikinyesha, na uwezo wa kuiona mashua ulikuwa mara 1 tu katika 10. Matokeo yaliyoandikwa katika daftari ni yale yale: “Hatukuona kitu.” Hesabu, hata hivyo, si ile. Eneo la kwanza linabaki na asilimia kama 47, la pili 32, na la tatu 21. Kesho boti haina budi kurudi pale pale. Maneno mawili ya taarifa yanafanana, na amri zinazotokana nayo ni mbili zilizo mbalimbali. Na walio ndani ya mashua wanategemea ipi itatolewa. Kinachotofautisha ni hali ya mlinzi, wala si maneno yake.

Ukimya uliopotosha

Kosa la kuusoma ukimya vibaya limewahi kugharimu miaka. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France namba 447, iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka katika bahari ya Atlantiki, na watu wote 228 waliokuwamo wakafa. Vinasa-habari vya ndege huwa na vifaa vya kutoa mlio chini ya maji kwa siku kadhaa. Meli zilipita zikitega masikio, hazikusikia mlio. Basi maeneo yaliyopitiwa yakahesabiwa kuwa yamekwisha kuangaliwa, na msako ukaelekezwa kwingine. Miaka miwili karibu ikapita.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 wataalamu wa kampuni ya Metron ya Marekani, wakitumia hesabu ya Bayes, walizipitia upya taarifa zote za msako. Miongoni mwa mambo waliyoyapima ni swali hili: je, ikiwa vifaa vya mlio vyenyewe viliharibika? Dhana hiyo ilipoingizwa, sehemu za bahari zilizodhaniwa kuwa tupu zilirudi kuwa na uzito mkubwa, hasa karibu na mahali ndege ilipojulikana kuwa mara ya mwisho. Msako mpya ulianza mwishoni mwa Machi 2011, na tarehe 3 Aprili mabaki yalionekana katika kina cha mita zipatazo 3,900, maili 6.5 tu za baharini kutoka mahali pale pa mwisho.

Tulinganishe mambo haya mawili. Virgo ilinyamaza, na ukimya wake ukaongoza njia, kwa sababu ilijulikana kuwa yu macho na pande asizozisikia zilijulikana. Vifaa vya ndege vilinyamaza, na ukimya wao ukapotosha, kwa sababu vilidhaniwa kuwa vizima pasipo uthibitisho.

Kwa nini hesabu huchukua muda

Katika mfano wa mashua tulikuwa na maeneo matatu tu, na karatasi moja ilitosha. Mgongano wa nyota hautoshi katika karatasi. Kuueleza kunahitajika vipimo 15: uzito wa kila nyota, kasi na mwelekeo wa kujizungusha kwake, umbali, mahali mbinguni, mwinamo wa mzunguko, saa ya kugongana na vinginevyo. Kwa nyota za nyutroni huongezwa vipimo 2, vya jinsi kila nyota inavyobonyea ikivutwa na mwenzake. Tukijaribu thamani 10 tu kwa kila kimoja cha vipimo 15, majaribio yatakuwa 1 ikifuatiwa na sifuri 15. Kompyuta ifanyayo majaribio 1,000 kwa sekunde ingemaliza baada ya miaka zaidi ya 31,000.

Kwa hiyo hapana anayejaribu kila mahali. Huchukuliwa sampuli. Utaratibu wa kwanza mashuhuri ulitolewa mwaka 1953 na Nicholas Metropolis pamoja na wenzake huko Los Alamos, Marekani, maabara ambayo ilianzishwa kwa kazi ya silaha za nyuklia. Tuufananishe na askari wa doria anayezunguka nchi asiyoijua. Kila mara anafikiria hatua moja ya kubahatisha. Ikiwa mahali papya panaafikiana zaidi na ushahidi, anakwenda. Ikiwa panaafikiana kidogo, mara nyingine anakwenda na mara nyingine anabaki, kwa kadiri ya tofauti iliyopo. La sivyo angenaswa katika kilima cha kwanza akidhani ndicho kirefu kuliko vyote. Baada ya hatua nyingi mno, mahali alipokaa muda mrefu ndipo penye uwezekano mkubwa.

Mwaka 2004 John Skilling wa Uingereza alileta utaratibu mwingine, unaofanana na wavuvi wanaovuta juya. Nukta nyingi hutawanywa katika eneo zima. Ile mbaya kuliko zote hutupwa, na mahali pake huwekwa mpya iliyo bora kuliko hiyo. Jambo hilo likirudiwa maelfu ya mara, wavu hujifunga polepole mpaka samaki wamekusanyika.

Taratibu hizi mbili ni za kuaminika, lakini ni nzito. Kila hatua huitaka kompyuta ichore wimbi zima la kubuni na kulilinganisha na lililonaswa; na wimbi la nyota za nyutroni, likiwa la sekunde 100 na lenye mizunguko elfu kadhaa, lina mengi ya kulinganishwa. Hatua zinazotakiwa hufikia mamilioni. Hivyo kazi iliweza kuchukua siku nyingi, ilhali nuru ya mgongano hufifia usiku hadi usiku.

Njia nne za kuharakisha

Njia ya kwanza ni kupunguza swali. Mwaka 2016 Leo Singer na Larry Price walichapisha utaratibu uitwao BAYESTAR, ambao hauulizi uzito wala ulaini wa nyota, bali huuliza mahali na umbali tu. Jibu lake hupatikana katika muda usiofika dakika 1. Huu ndio uliotoa ramani ya digrii 31 tuliyoitaja.

Njia ya pili ni kupunguza kazi ya kila hatua. Mwaka 2018 Barak Zackay, Liang Dai na Tejaswi Venumadhav walionyesha kwamba si lazima kulichora wimbi zima upya. Likipatikana wimbi moja linalokaribia sana lililonaswa, mengine yote yaweza kupimwa kwa tofauti zake na hilo, na tofauti hizo hubadilika polepole, hivyo nukta chache zatosha. Nahodha aujuaye mlango hapimi kina kila pima. Hupima pale tu anaposhuku kwamba mchanga umehama.

Njia ya tatu ni kugawana kazi. Kompyuta mamia kadhaa hupewa hesabu moja, kila moja na fungu lake, na kilichochukua majuma kikachukua saa au siku.

Njia ya nne ndiyo iliyozua mazungumzo mengi. Badala ya kuanza kutafuta tukio linapotokea, mashine hufundishwa mapema. Mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano, huonyeshwa mamilioni ya mawimbi ya kubuni pamoja na majibu yake, mpaka ukiletewa wimbi jipya utoe majibu papo hapo. Gharama yote imelipwa kabla ya vita, kama askari aliyefanya mazoezi miezi mingi ili siku ya tukio mikono itangulie mawazo. Mwezi Machi 2025 Maximilian Dax, Stephen Green na wenzao walitangaza katika jarida la Nature utaratibu wao kwa nyota za nyutroni: majibu kamili ya vipimo vyote 17 katika sekunde 1, na eneo la mbingu lililo dogo kwa asilimia kama 30 kuliko lile la taratibu za haraka zilizotangulia. Tena waweza kutoa eneo hata kabla ya nyota kugongana, wakati zingali zikizungukana.

Haraka na baraka zake

Hapa msomaji atatukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, na ni kweli vilevile kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee walituachia methali zote mbili, wakatuachia na kazi ya kujua ipi ni ya saa ipi. Wataalamu hawa wamejaribu kuzitii zote mbili kwa pamoja. Majibu ya mashine hayapokelewi kama hukumu. Kila jibu lililotolewa na mtandao hupimwa tena kwa kanuni kamili za fizikia, nalo hupewa uzito kadiri linavyostahili: lililozidishwa hupunguzwa, lililopunjwa huongezwa. Majibu mengi yakikutwa hayana uzito, basi mtandao umekutana na jambo usilofundishwa, na kazi hurudishwa kwenye taratibu za zamani zilizo polepole. Mashine inafanya kazi ya mpelelezi mwepesi, na kanuni za kale zimebaki katika kiti cha hakimu.

Lakini haifai kuipa kasi ya hesabu sifa isiyo yake. Ile ramani ya digrii 31 ilitoka saa zipatazo 5 baada ya tukio, ingawa BAYESTAR huhitaji sekunde tu. Muda ulipotea katika kuusafisha mshindo wa kelele wa Livingston na kuziunganisha habari za vituo vyote vitatu. Kule Chovae jua lilikuwa limekuchwa mnamo saa 12 na robo, na kwa saa kadhaa za giza nyota ile ilikuwa juu ya upeo wa macho, ikiteremka magharibi, pasipo ramani ya kumwongoza mtu. Ramani ilipotoka, karibu saa 3 usiku, ilikuwa imebakiza chini ya saa 1 kutua. Nuru yenyewe ilionekana Chile, katika galaksi iitwayo NGC 4993, yapata saa 8 na nusu usiku kwa saa zetu. Jioni iliyofuata, darubini kubwa ya SALT huko Sutherland, Afrika ya Kusini, ikaipima nuru hiyo nayo. Hesabu ya sekunde 1 isingaliyaokoa masaa yale 5 kama taarifa zenyewe hazijawa safi.

La pili ni zito zaidi. Tarehe 25 Aprili 2019 mgongano mwingine wa nyota za nyutroni ulinaswa. Safari hii Hanford haikuwa kazini, Livingston ilisikia vizuri, na Virgo ilisikia kidogo mno. Eneo la kutafuta likawa digrii za mraba 8,284, yaani sehemu moja katika tano za mbingu yote, na nuru ya mgongano huo haikuthibitishwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Tufahamu hapa tofauti baina ya mlinzi aliyenyamaza na mlinzi asiyekuwepo: wa kwanza ametoa habari, wa pili hakutoa. Hakuna hesabu, hata iwe ya kasi ya umeme, inayoweza kuukamua ushahidi kutoka katika lindo lililo tupu.

Kufikia mwaka 2025 mawimbi yaliyoorodheshwa yamezidi 200, mengi yakitoka kwa mashimo meusi yasiyotoa nuru. Tukio la Agosti 2017 limebaki peke yake kama mgongano ulionaswa kwa wimbi na kuthibitishwa kwa nuru pasipo ubishi. Likatuonyesha kwamba migongano ya namna hiyo huzalisha madini mazito, ya jamii ya dhahabu, na kwamba wimbi la mvutano husafiri kwa kasi sawa na ile ya nuru. Vituo vikubwa zaidi vinapangwa kujengwa Ulaya na Marekani, ambavyo vitayasikia mawimbi kwa wingi usioweza kushughulikiwa kwa taratibu za polepole.

Yanayotuhusu

Tunaona mambo manne ambayo mtu wa usalama aweza kuyachukua leo hii, bila leza wala kompyuta kubwa.

Kwanza, taarifa ya “hatukuona kitu” haijakamilika mpaka ieleze hali ya aliyetazama: alikuwa wapi, upande gani ulimfichika, hewa ilikuwaje, kifaa chake kilijaribiwa lini. Taarifa isiyo na hayo yaweza kuwa Virgo, yaweza kuwa kifaa kilichokufa chini ya bahari, na ofisa hatajua ni ipi.

Pili, ofisa atoe eneo na kiasi cha uhakika, asitoe nukta moja ya kujionyesha jasiri. Wataalamu waliposema digrii 31, walisema kwa uhakika wa asilimia 90. Maana yake, katika kila maeneo 10 yanayotolewa hivyo, moja laweza kukosa. Mwenye kusema hivyo si mwoga; amemwezesha mkubwa wake kujua ni akiba gani ya kuweka nyuma.

Tatu, ramani ya kwanza ipelekwe mapema, na ya pili iirekebishe bila haya. Wale wataalamu walianza na 190, wakaja 31, na baada ya uchambuzi kamili wakatulia kwenye 28. Hakuna aliyewacheka kwa kubadili namba. Angalichekwa yule ambaye angalingoja ile 28 ndipo aseme.

Nne, mahali palipopekuliwa pasifutwe katika ramani. Papunguzwe kwa kadiri ya uwezo wa aliyepekua.

Kwa mashua iliyokwama baharini usiku wa kusi, mambo haya manne ndiyo yanayopima muda baina ya kuonekana na kutoonekana. Familia inayongoja ufuoni Chovae haitauliza kama askari alikuwa na hesabu ya sekunde 1. Itauliza kwa nini boti ilipelekwa kule na si huku. Na jibu lake litakuwa limeandikwa, au halikuandikwa, katika daftari la mlinzi wa usiku uliotangulia.